Ruzuku za kuanzisha shule za chata Marekani: zinavyotolewa, zinapoishia, na linalotuhusu sisi

Familia nyingi za makanisa yetu ya Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika zina ndugu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi. Katika habari wanazotutumia kuna neno ambalo limewasumbua wengi: watoto wao wanasoma katika “shule ya chata”. Wengine wanaongeza kwamba serikali ya Marekani inatoa mamilioni ya dola kwa mtu anayetaka kuanzisha shule ya namna hiyo, na wanauliza kama kanisa linaweza kuomba. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu lina upande unaowahusu ndugu walio kule, na upande mwingine unaotuhusu sisi tunaoanzisha shule hapa kila mwaka.

Tuseme moja mapema. Fedha hizo ni za shule zilizo ndani ya Marekani tu. Hakuna kanisa la Congo linaloweza kuziomba kwa ajili ya shule ya Goma, Bukavu, Bunia au Kindu, na mtu anayewauzia fomu ya kuziomba anawauzia karatasi tupu.

Shule ya chata ni shule gani?

Ni shule ya umma. Inalipwa kwa kodi ya wananchi, mzazi halipi minervali, na mlango wake uko wazi kwa kila mtoto. Lakini haiendeshwi na ofisi ya elimu ya mji kama shule nyingine za umma. Kundi la watu, pengine walimu, pengine wazazi, pengine shirika lisilotafuta faida, linaandika mpango wa shule na kuupeleka mbele ya mamlaka ambayo sheria ya jimbo imeipa uwezo wa kukubali au kukataa. Ikikubali, pande mbili zinatia sahihi mkataba, na mkataba huo ndio chata yenyewe. Mara nyingi unadumu miaka 3 hadi 5. Muda ukiisha mamlaka inauliza: watoto wamejifunza? Hesabu za fedha ni safi? Majibu yakiwa mabaya, shule inaweza kufungwa.

Jimbo la kwanza kuweka sheria ya namna hii ni Minnesota, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992. Miaka michache nyuma, mwaka 1988, Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu, alikuwa amelisifu wazo hilo hadharani. Yeye aliwaza walimu wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha. Baadaye aligeuka kuwa mpinzani, maana aliona wazo limeingia mikononi mwa watu wa biashara. Hata hivyo lilienea. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria ya shule za chata, na katika mwaka wa masomo 2021-2022 zilihesabiwa shule karibu 7,800 zenye wanafunzi karibu milioni 3.7.

Msomaji wa huku atakumbuka mara moja shule zetu za mkataba, zile tunazoziita écoles conventionnées protestantes. Mfanano upo kweli: serikali inalipa, mwingine anasimamia, na karatasi yenye sahihi inasema nani afanye nini. Tofauti tutaiona mbele.

Shimo lililo kabla ya siku ya kwanza

Ili kuelewa kwa nini ruzuku hizi zipo, ni lazima kujua jinsi shule ya chata inavyokula. Fedha za jimbo zinamfuata mtoto. Watoto 200 wakiandikishwa, shule inapata fedha za watoto 200. Wakiwa 120, inapata za 120.

Sasa fikirini shule ambayo bado haijafunguliwa. Haina mtoto hata mmoja, kwa hiyo haina fedha hata kidogo. Lakini direkta anapaswa kuajiriwa miezi mingi kabla ya kufungua. Walimu wanapaswa kupewa mafunzo. Vitabu, madawati, kompyuta na meza za jikoni lazima viwepo siku ya kwanza, si siku ya mia. Lazima pia kuwatembelea wazazi nyumba kwa nyumba na kuwaeleza, la sivyo watoto hawataandikishwa, na bila watoto hakuna fedha. Matajiri na mifuko yao wanaweza kusaidia kundi linalojulikana mjini. Kundi la walimu wasio na majina makubwa linabaki na mpango mzuri kwenye karatasi.

Ndiyo sababu mwaka 1994, Bunge la Marekani liliporekebisha sheria yake kuu ya elimu ya mwaka 1965, liliongeza programu maalumu ya shule za chata. Ilianza na fedha kidogo sana. Kufikia mwaka 2019 ilikuwa dola milioni 440 kwa mwaka, ikabaki hapo miaka kadhaa, na mwaka 2025 serikali ya Washington ikatangaza kuipandisha hadi milioni 500. Sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2015 ndiyo iliyoipa umbo ambalo bado linatumika.

Njia ambayo fedha inapita

Bunge linapitisha kiasi. Wizara ya Elimu inatangaza mashindano. Sehemu kubwa haiendi moja kwa moja kwa shule, bali kwa chombo cha jimbo: wizara ya elimu ya jimbo, au bodi ya jimbo inayosimamia shule za chata, au gavana, au shirika linalosaidia shule hizo katika jimbo. Chombo hicho kikishinda, nacho kinafungua mashindano yake, na makundi yanayotaka kuanzisha shule yanaomba kwake.

Sheria imefunga mikono ya chombo hicho kwa hesabu iliyo wazi. Katika kila dola 100, angalau 90 lazima zifike kwenye shule. Angalau 7 ni za kuwafundisha waanzilishi kazi na kuimarisha mamlaka zinazotoa mikataba. Zinazoweza kutumika kwa ofisi ni 3, si zaidi. Sisi ambao tumeona miradi ambayo gari na ofisi ya mjini vinamaliza fungu kabla kijiji hakijapata bati, tunaisoma hesabu hiyo mara mbili.

Shule iliyopewa inaweza kutumia ruzuku kwa muda usiozidi miaka 5, na ndani yake miezi isiyozidi 18 ndiyo ya kupanga na kutayarisha. Kiasi kinatofautiana kwa jimbo. Mara nyingi ni mamia elfu ya dola, na pengine hupita milioni moja. Katika baadhi ya majimbo fedha haiji mkononi kwanza. Shule inanunua, inapeleka risiti, ndipo inarudishiwa. Waanzilishi wasio na akiba wanaumia sana hapo, na ni ajabu kidogo kwamba ruzuku iliyowekwa kwa ajili ya wasio na kitu inamtaka mtu awe na kitu kwanza.

Kuna milango mingine. Mahali ambapo jimbo halina ruzuku hiyo, waanzilishi wanaweza kuomba moja kwa moja Washington. Mashirika yenye shule nyingi, ambayo tayari yameonyesha matokeo mema, yana fungu lao la kupanua shule au kufungua nyingine za mfano uleule. Na kuna fungu la majengo, ambalo kwa sehemu kubwa halijengi chochote. Linaweka dhamana ili benki ikubali kuikopesha shule kwa riba nafuu.

Inalipa nini, hailipi nini

Hapa ndipo tunaomba wasomaji wakae zaidi, hasa walio katika komite za wazazi na ofisi za waratibu wa shule.

Ruzuku ya kuanzisha inaweza kulipa mafunzo ya walimu na viongozi wa shule, vitabu, vifaa, samani, kazi ya kuzungumza na wazazi na mtaa, matengenezo madogo ya jengo, na gharama ya mara moja ya kuanzisha usafiri wa watoto, kwa mfano kununua basi. Jengo jipya halilipi. Na baada ya kutaja hayo yote sheria inaongeza gharama nyingine zinazofaa, kwa sharti moja: ziwe gharama zisizoendelea. Maana yake, kitu ambacho shule itakihitaji mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa kumi, hakiwekwi juu ya fedha hii. Mshahara wa mwalimu wa darasa la tatu akiwa tayari anafundisha, kodi ya nyumba ya kila mwezi, umeme: hivyo vinapaswa kutoka katika fedha inayomfuata mtoto.

Kwa hiyo anayeomba hatakiwi kueleza tu jinsi atakavyofungua. Anaulizwa shule itaishije ruzuku ikiisha. Anaonyesha watoto wangapi atawapata mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, jimbo litamlipa kiasi gani kwa kila mmoja, na kama kiasi hicho kinatosha mishahara. Mpango usioonyesha hayo unaanguka, hata ukiwa na maneno matamu juu ya watoto maskini.

Masharti mengine yanafuata. Hakuna ada. Kama waombaji ni wengi kuliko nafasi, watoto wanachaguliwa kwa kura ya bahati, si kwa kujuana. Mtoto mwenye ulemavu anapokelewa chini ya sheria zilezile za shule za umma. Hesabu zinakaguliwa kila mwaka. Vifaa vilivyonunuliwa vinaandikwa katika daftari la mali, na shule ikifungwa haviendi nyumbani kwa direkta, vinafuata utaratibu uliowekwa na serikali iliyotoa fedha.

Mahali ilipovunjika

Tusidhani sheria nzuri inatosha. Zipo shule zilizopata ruzuku na hazikufunguliwa kamwe. Zipo zilizofunguliwa, zikakosa watoto, zikafungwa, na wazazi wakabaki wanatafuta shule nyingine katikati ya mwaka. Mwaka 2019 shirika la Network for Public Education, ambalo linapinga shule za chata, lilitoa ripoti ikisema kwamba hadi dola bilioni moja zilipotea kwa njia hiyo tangu programu ianze. Wanaoziunga mkono walikataa hesabu hiyo. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ambayo haina upande katika ubishi huu, iliangalia takwimu ikaona kwamba shule za chata zilizopata ruzuku hii kwa jumla zilifungwa mara chache kuliko shule za chata zinazofanana nazo ambazo hazikupata. Sisi tunaona mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja: mwanzo wenye fedha unasaidia shule kusimama, na bado kuna fedha iliyotolewa kwa watu waliopaswa kuulizwa zaidi.

Mfano unaojulikana ni wa mtandao wa shule wa IDEA huko Texas. Ulikua haraka sana, na mwaka 2019 ulipewa ruzuku ya kupanua ya zaidi ya dola milioni 110 kwa mara moja. Mwishoni mwa mwaka huohuo bodi yake iliidhinisha kukodi ndege ya binafsi kwa karibu dola milioni 2 kwa mwaka, kwa ajili ya safari za viongozi. Watu walipopiga kelele, mpango ukaachwa. Mwaka 2020 kiongozi wake aliondoka, na mwaka 2021 bodi ikamwachisha kazi aliyemfuata baada ya uchunguzi juu ya matumizi ya fedha. Hao si watu waliofungua shule mbaya. Watoto wengi wa familia maskini za mpaka wa Mexico wamefika chuo kikuu kupitia shule hizo. Lakini shirika lililozoea kupewa fedha nyingi za kupanua lilianza kujiona kama kampuni kubwa.

Mwaka 2022 Wizara ya Elimu iliweka masharti mapya: mwombaji aonyeshe kwamba mtaa unaihitaji kweli shule nyingine, na aeleze wazi uhusiano wake na makampuni yanayotafuta faida. Wazazi na viongozi wa shule za chata walipinga vikali, na masharti yakapunguzwa makali kabla ya kutolewa. Utawala uliofuata ukaelekea upande mwingine, na ndio uliopandisha fedha mwaka 2025. Anayetaka kuanzisha shule kule anapaswa kusoma tangazo la mwaka wake, si la mwaka jana.

Na kanisa je?

Hili ndilo swali la ndugu zetu. Jibu la sasa ni hapana. Sheria ya Marekani inayotoa ruzuku inasema shule ya chata isiwe ya dini, katika mafundisho yake, katika kupokea watoto, katika kuajiri na katika mambo yake yote, wala isifungamane na shule au taasisi ya dini.

Neno hilo limejaribiwa mahakamani karibuni. Katika jimbo la Oklahoma, mwezi wa 6 mwaka 2023, bodi moja ya jimbo ilikubali shule ya Kikatoliki ya kufundisha kwa intaneti, St. Isidore of Seville, iwe shule ya chata. Ingekuwa ya kwanza ya dini katika nchi nzima. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya Oklahoma ilisema jambo hilo linavunja sheria. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2025 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, mmoja wao akiwa amejitoa. Kwa hiyo uamuzi wa Oklahoma ukabaki, lakini mgawanyiko huo hauzifungi mahakama nyingine. Kesi za namna hiyo zinaweza kurudi.

Mshiriki wa kanisa anaweza kuwa mwanzilishi, mwalimu au mjumbe wa bodi ya shule ya chata, kama raia mwingine yeyote. Yapo pia makanisa yanayopangisha madarasa yao ya shule ya Jumapili kwa shule ya chata siku za juma. Lakini maombi ya asubuhi yanayoongozwa na mwalimu, somo la dini na msalaba wa kanisa juu ya kichwa cha barua ya shule havina nafasi. Ndugu anayetaka kulea watoto katika imani kwa njia ya shule afungue shule ya binafsi, na ajue kwamba ruzuku hii haimhusu.

Hapo ndipo tofauti na kwetu inapoonekana. Baada ya serikali ya Mobutu kuzitwaa shule za makanisa mwaka 1974, zilirudishwa kwa mkataba wa tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1977. Serikali ilibaki na mishahara na programu ya masomo, makanisa yakapewa usimamizi, pamoja na haki ya kufundisha dini. Kwa Mmarekani jambo hilo ni gumu kuelewa. Kwetu ni kawaida kiasi kwamba tunasahau kuwa ni haki iliyoandikwa.

Tunachokiona kwetu

Lakini katika fedha wao wameandika kitu ambacho sisi hatukukiandika. Mkataba wetu haukuweka fungu la kuanzisha. Jengo linatoka kwa waumini, kwa mshirika wa ng'ambo, au kwa wazazi wanaobeba mawe na mchanga. Na ile fedha inayoendelea, yaani mshahara, haimfuati mtoto. Inafuata listi. Shule inaweza kuwa na watoto 400 na karatasi ya kukubaliwa, na bado walimu wake wasiwe kwenye listi ya malipo. Tunawaita N.U., nouvelles unités, au non payés, na katika mashariki karibu kila kanisa linawajua kwa majina.

Zamani shimo hilo lilizibwa na prime iliyotoka mfukoni mwa wazazi. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi ni bure katika shule za umma, zetu zikiwa ndani, kama Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Tunafurahia hilo kwa ajili ya watoto waliokuwa wanafukuzwa. Lakini kwa shule mpya ambayo walimu wake hawako kwenye listi, mlango wa wazazi umefungwa na mlango wa serikali haujafunguliwa. Mwalimu yuko katikati na chaki mkononi.

Kwa hiyo mshirika anapokuja na fedha ya madarasa sita ya matofali na bati, na tunamshukuru, komite ichukue karatasi mbili. Juu ya moja waandike vyote vitakavyonunuliwa mara moja: madarasa, vyoo, madawati, vitabu, safari za dosie mpaka Kinshasa. Juu ya nyingine waandike vitakavyolipwa kila mwezi, na mbele ya kila kimoja jina la atakayekilipa, na kwa muda gani. Kama mbele ya walimu sita kuna maneno “serikali, baadaye”, komite iulize mratibu wa shule hatua zote za dosie zikoje leo: shule ina arrêté? Ina namba? Walimu wamehesabiwa? Majibu yaandikwe na tarehe.

Na kama majibu hayapo, kuna mambo ambayo kanisa linaweza kumwomba mshirika yuleyule kabla tofali la kwanza halijawekwa: apunguze madarasa sita kuwa manne, na fedha ya mawili iwe posho ya walimu kwa miaka miwili, iwekwe katika akaunti yake peke yake yenye sahihi tatu, au apanue shule ya jirani ambayo walimu wake tayari wanalipwa na watoto wanakaa watatu watatu kwenye benchi la wawili. Washirika wengi hawapendi kuombwa hivyo, kwa sababu posho haipigwi picha kama jengo. Waombwe hata hivyo, kwa barua, na nakala ibaki katika ofisi ya shule.